Nyota Moja ya Mpini

Vikaango vilianza kurudi kimoja kimoja, kama wageni wanaoona haya kubisha hodi. Baadaye vikarudi kwa makundi. Kamba alikuwa akitoka ghalani asubuhi na vifurushi nyuma ya pikipiki, na akirejea mchana mzigo umenenepa kuliko alivyoondoka nao. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea watu majumbani vitu walivyoagiza kwa simu: sahani, mapazia, ndoo, pasi. Jina hilo la Kamba alipewa na wenzake kwa jinsi alivyojua kufunga mizigo. Tangu aajiriwe hakuna boksi lililoanguka njiani.

"Sikitaki," mshona nguo mmoja alimwambia mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Kina masizi ya mtu."

"Dada, hata boksi hujalifungua."

"Kwani nikilifungua masizi yatakimbia? Tumesoma sisi. Mnatuuzia vyombo vilivyokwisha kupikiwa, halafu mnaviita vipya. Rudi nacho, kaka yangu, wala sina ugomvi na wewe."

Kamba hakuelewa ni masizi gani yanayosemwa. Alikifunga tena, akarudi nacho.

Ghalani alimkuta Gundi, mfungaji wa vifurushi, ameketi juu ya boksi anasoma simu kwa sauti huku machozi ya kicheko yanamtiririka. Aliwaita wenzake wamsikilize. Ukurasa wa duka lao ulikuwa na mahali pa wateja kuandika maoni na kutoa nyota, tano kwa kilichowafurahisha, moja kwa kilichowaudhi. Chini ya picha ya kikaango cheusi, mtu aliyejiita Jicho la Mama alikuwa ameandika:

"Mimi si mtu wa kulalamika. Niliagiza kikaango kipya, nikaletewa kikaango cha mtu. Ndani cheusi tii kwa masizi, nje kisafi. Huyo aliyekitumia alikuwa anawasha moto ndani yake? Nimekisugua kwa majivu na waya tangu asubuhi, mkono umekufa ganzi, ndipo ikaonekana rangi yake ya kuzaliwa. Sasa kinang'aa. Chombo chenyewe si kibaya, ila muwe mnaviosha kabla ya kuwauzia watu. Nyota moja, na hiyo nimeutolea mpini."

"Ameutolea mpini!" Gundi alipiga paja. "Jamani, kile ni kikaango kisichoshika chakula! Ule weusi ndio kazi yenyewe! Bibi wa watu kakichuna ngozi, halafu anadai kilikuwa kichafu!"

Kamba alianza kucheka pamoja nao. Kisha akayasikia tena yale maneno ya mwanzo. Mimi si mtu wa kulalamika. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyeanza kila lalamiko kwa maneno hayo, na mtu huyo alikuwa analala nyumbani kwake, chumba cha pili kushoto. Akakikumbuka kikaango kilichoning'inia jikoni mwao tangu wiki iliyopita, kinameremeta kama kioo. Akakumbuka pia kwamba yeye mwenyewe, katika kutafuta neno la kumfurahisha mama mkwe, alikuwa amesema, "Mama, hapa mtu anaweza kunyolea ndevu."

"Kamba," Gundi aliita, "mbona umepauka? Au na wewe umekisugua cha kwenu?"

Kabla hajajibu, mlango wa ofisi ulifunguliwa. "Kamba, njoo," akasema Madamu.

Madamu alikuwa mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani kichwani zaidi kuliko machoni. Hakumwambia akae. Aligeuza kompyuta ili aione.

"Hiki kikaango cha Jicho la Mama kimenunuliwa kwa bei ya wafanyakazi. Jina la mfanyakazi ni hili hapa. Soma."

Kamba alisoma jina lake.

"Ni mama mkwe wangu, Madamu."

"Sijauliza ni nani. Nimeagiza vikaango shehena nzima, na vyote vitanizeekea hapa kwa sababu ya maneno yaliyotoka nyumbani mwako. Akayafute. Kesho asubuhi nikifungua ukurasa nikayakuta bado yapo, ufunguo wa pikipiki uuweke juu ya meza hii."

"Madamu, yule ni mzazi. Siwezi kumwamrisha."

"Basi mbembeleze. Mimi sijakupangia njia."

Nje, wenzake walikuwa wamekwisha kusikia. Ukuta wa ofisi ulikuwa wa mbao nyembamba. "Pole, Bwana Masizi," mmoja akamwambia, na wengine wakaangalia chini ili wasionekane wanacheka.

*

Mkewe alipoambiwa, alicheka mpaka akashikilia ukingo wa karo la vyombo. Akacheka tena alipofikia ile ya mpini. Kisha kicheko kikamkauka usoni, akachungulia ukumbini kuona kama mama yake yuko mbali.

"Huwezi kumwambia," alinong'ona.

"Nisipomwambia nitamwaga unga."

"Najua. Lakini ukimwambia atarudi ukutani."

Kamba alijua ukuta gani. Baba mkwe alipofariki, walimchukua mama wakaja kukaa naye. Alikuja na sanduku moja na mto wake, akakaa kwenye kiti kilichoelekea ukuta, na hapo akanyamaza. Si kwamba aligomba au alilia. Alijibu salamu, akashukuru chakula, akauliza watu wameamkaje, basi. Nyumba nzima ikajifunza kutembea kwa vidole. Mpaka siku moja ndoo waliyoagiza ilipofika na mpini wake ukachomoka papo hapo, mama akanyoosha mkono, akaigeuza, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasema, "Baba yenu angeirudisha hii hapo hapo."

Marehemu alikuwa mtu wa kupima. Hakununua kitu bila kukigonga, kukinusa na kukitoa juani, na wauza vyombo wote wa mtaa wao wa zamani walimwogopa. Miaka yote hiyo mama alisimama kando yake ameshika kapu, hasemi kitu. Sasa binti yake akawahi kuchukua simu: "Sema, mama. Wewe sema, mimi naandika." Mama aliisema ile ndoo mpaka chai ikapoa. Kesho yake akauliza ni nini kingine kinakuja.

Tangu hapo alijifunza kuandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, ameishika simu mbali kama kitu kinachoweza kuruka. Shuka alizilowesha kona na kuzisugua kwa kitambaa cheupe aone kama zinachuja. Visu alivijaribu kwenye nyanya iliyoiva sana. Watu wasiomjua walimjibu, "Asante mama, umeniokoa," naye aliyasoma majibu hayo mezani kwa sauti, akitua panapostahili. Kiti chake kikahama ukutani, kikahamia mlangoni ambako vifurushi vinapita.

"Nani atamwambia, basi?" Kamba aliuliza.

"Hakuna wa kumwambia. Aone mwenyewe." Mkewe alifuta macho kwa kanga. "Si umesema ghala limejaa vilivyorudi? Leta kimoja. Kaanga yai mbele yake, bila mafuta. Mama si mjinga. Akiona yai linavyoteleza ataelewa, na hatakuwa ameaibishwa na mtu."

Kamba aliona ni akili nzuri. Tatizo ni kwamba hajawahi kukaanga yai.

*

Jua lilikuwa halijazama Kamba alipochuchumaa mbele ya jiko la mkaa, kikaango cheusi mkononi, mkewe kando yake kama mwalimu wa zamu. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, anachambua maharage.

"Leo mkwe wangu anapika?" alisema. "Kuna heri gani?"

"Nimeamua kujifunza, mama."

Yai la kwanza liliingia na maganda yake. La pili likaangukia katikati, safi, likaanza kuchezacheza. Kamba akatikisa kikaango. Yai likateleza huku, likateleza kule, likageuka lenyewe kama mtu anayegeuka kitandani. Hata yeye alishangaa.

"Loo!" Mama aliacha maharage. "Bila hata tone la mafuta! Mwanangu, umejifunzia wapi?"

"Ni kikaango, mama."

"Usijishushe. Mimi nimekaanga mayai tangu hujazaliwa, na changu hiki kipya kinayashika kama kinayadai. Ni mkono wako. Kuna watu wamejaliwa mkono."

Mkewe Kamba alianza kukohoa. "Mama, lakini hebu kitazame chenyewe. Si kinafanana na kile chako kilivyokuja?"

Mama alikitazama. Alikitazama kwa makini, kichwa upande, na Kamba akaona uso wake unabadilika. Akashusha pumzi. Ameelewa, alijisemea.

"Na hiki kina masizi," mama akasema. "Hawa watu hawasikii! Niliwaandikia kwa adabu kabisa." Akainuka, akaunyakua waya wa kusugulia sufuria uliokuwa ukingoni mwa karo, akazoa majivu kwa mkono wa pili. "Lete hapa nikisugue kingali moto, yanabanduka upesi."

Akayanyunyiza majivu ndani, akakishika mpini. Waya ukashuka.

"Usisugue!"

Kamba hakujua kwamba sauti ile ilikuwa yake mpaka alipojiona amesimama, amekivutia kikaango kwake kwa mpini, yai limemwangukia shatini. Hajawahi kumpandishia mama mkwe sauti. Hajawahi hata kumpitia mbele bila kuinama kidogo. Sasa alikuwa amempokonya chombo mkononi kama anayegombea mali. Majivu yalikuwa bado yanaelea hewani kati yao.

"Nisamehe, mama," akasema.

"Kuna nini?" mama aliuliza, taratibu.

Hapakuwa na pa kujificha tena. Kamba alichuchumaa, akaweka kikaango chini, akamweleza. Kwamba weusi ule unapakwa kiwandani ili chakula kisishike. Kwamba ukisuguliwa kwa waya unabanduka. Kwamba vikaango vinarudishwa ghalani kwa makundi, na kwamba Madamu anataka maneno yale yafutwe, la sivyo pikipiki itabaki kwake. Alieleza akiangalia chini, na alipomaliza, mama alikuwa anakitazama kile kinachong'aa ukutani.

"Kwa hiyo nilikichuna."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulisema mtu anaweza kunyolea ndevu."

"Nilisema, mama."

"Na hili mmelijua tangu lini?"

"Tangu mchana," mkewe akasema.

"Tangu mchana. Mkaona mnichezee sinema ya mayai."

Hakusema kwa ukali. Alikung'uta majivu, akanawa mikono, akaenda chumbani kwake akarudishia mlango. Wakati wa chakula alisema hana njaa. Simu yake aliiacha mezani. Ililia kwa ujumbe mara kwa mara, mtu fulani akiuliza kuhusu shuka, na hakuna aliyeigusa. Mume na mke walikula, vijiko vikigonga sahani kwa sauti kubwa kuliko walivyotaka.

"Nimemrudisha ukutani," Kamba alisema.

Mkewe alinyoosha mkono. Alimtolea kipande cha ganda la yai kwenye kola ya shati.

*

Asubuhi Kamba alikuwa anaipangusa pikipiki kama mtu anayemwosha ng'ombe wa kuuzwa, aliposikia mlango. Mama alitoka amevaa nguo zake za kutokea, zile zilizokaa sandukuni tangu msiba, na mkononi ana mfuko ambao mpini ulikuwa unachungulia nje.

"Nipeleke kwa bosi wako."

"Mama, si lazima. Mimi nitaongea naye."

"Utaongea naye nini? Aliyekisugua ni wewe au mimi?"

Hajawahi kumpakia. Mama alikaa upande upande na kujishikilia kwenye chuma cha kufungia mizigo, akiacha nafasi ya heshima kati yao ambayo ingetosha debe. Kamba aliendesha kama aliyebeba glasi.

Ghalani, Gundi alisimama ghafla akaficha simu mgongoni, jambo lililomfanya aonekane mwenye hatia ambayo hakuwa nayo. Wenzake wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, mama," kama darasa. Mama akaitikia, akaingia ofisini bila kuonyeshwa mlango, akatoa kikaango chake kinachong'aa, akakilaza mezani juu ya makaratasi.

Madamu alishusha miwani kutoka kichwani. Alikitazama kikaango, akaona sura yake ndani.

"Mama, karibu. Nashukuru umekuja. Ni dogo tu hili, tunafuta pale, dakika moja imekwisha."

"Sifuti."

Kamba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifumba macho. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika ufunguo mfukoni.

"Mama, kila siku linanitia hasara."

"Nimeambiwa, ndiyo maana nimekuja. Lakini nikifuta, waliosoma watasema nimehongwa vyombo. Na tena nitakuwa nimekimbia. Nilikosea mbele za watu, siwezi kwenda kujisahihisha chooni. Nitaandika la pili chini ya la kwanza."

"Na lile la kwanza libaki watu waendelee kucheka?"

"Wanicheke mimi. Mimi sitarudishwa ghalani."

Nyuma ya ukuta wa mbao kuna mtu aliguna kwa kicheko akajiziba. Mama hakugeuka.

"Ila na mimi nina swali, mwanangu. Boksi lake liko wapi?"

Madamu alilichukua boksi rafuni. Mama akamwomba amwonyeshe palipoandikwa kwamba weusi ni ngozi ya kikaango na si uchafu. Madamu aligeuza upande mmoja, akageuza wa pili. Akasogeza miwani. Kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, kwa lugha nne, na picha ya mwanamke asiyejulikana anacheka na samaki.

"Hapa kuna... ngoja." Aligeuza chini. "Si hapa."

"Hakuna, Madamu," sauti ya Gundi ilipenya mbaoni. "Nimeyafunga yote, hakuna."

"Wewe fanya kazi!"

Lakini sauti ya Madamu haikuwa na meno. Aliliweka boksi chini. Mama akatoa simu, akainyoosha mbali, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Ofisi nzima ilingoja. Alifuta, akaandika, akauliza kama ana haki ya kubadili nyota, akaandika tena. Alipomaliza alimpa Madamu asome kabla ya kutuma, nao waliokuwa nje wakasogea mlangoni wakijifanya wanatafuta mkasi.

Madamu alisoma kwa sauti: "Ni mimi yule wa masizi. Kikaango hakikuwa kichafu, mimi ndiye nilikuwa mgeni. Ule weusi ni ngozi yake, nami nilimchuna akiwa mzima, kisha nikamtangaza mwizi. Yai linateleza ndani yake bila mafuta, nimeona kwa macho yangu, na aliyekaanga hajui kukaanga. Msisugue kwa waya, osheni kwa sabuni na kitambaa laini. Anayekula kwa jirani asiyejua, amwambie. Wenye duka nao waandike jambo hili juu ya boksi kwa herufi ambazo mtu anaona. Nyota nne. Ya tano nimewanyima kwa ajili ya boksi."

Alipofika "aliyekaanga hajui kukaanga", Gundi alipiga kelele, na Madamu akajaribu kukaza midomo akashindwa. Alicheka mpaka akavua miwani kabisa.

"Mama yangu alikisugua changu," alisema, akijifuta macho. "Cha kwanza kabisa nilichonunua kwa mshahara wangu. Kwa mchanga, mama, mchanga! Nilikitupa, nikamwambia kimeibiwa. Mpaka leo anamsingizia mpangaji."

"Mpigie mwambie," mama akasema.

"Ataninunia mwezi mzima."

"Atakununia siku mbili. Sisi hatuna nguvu hizo tena."

Akaichukua simu yake mkononi mwa Madamu, akabonyeza kutuma. Hawajatoka hata nje, simu ikaanza kulia. Mtu aliandika kwamba naye alikisugua akanyamaza kwa aibu. Mwingine kwamba alikisugua cha wifi yake, akakificha uvunguni. Mwanamume mmoja alikiri kwa niaba ya mkewe, na mkewe akamjibu hapo hapo kwamba aliyekisugua ni yeye mume. Wenzake Kamba waliyasoma kwa zamu wakigombea simu, na kati ya ungamo moja na jingine Gundi akapaza sauti, "Yule mshona nguo anakitaka tena! Anauliza, Bwana Masizi atakileta lini?"

"Ampeleke mama nyumbani kwanza," Madamu alisema kutoka ofisini. "Halafu aje apakie. Na huo ufunguo, Kamba, acha kuuminya, utaukunja."

*

Safari ya kurudi mama alikaa vile vile upande upande, lakini hawajamaliza hata barabara ya kwanza akamgonga Kamba begani.

"Usithubutu tena."

"Nisamehe, mama. Sauti ilinitoka tu."

"Sisemi kuhusu kelele. Kelele ilikuwa nzuri, iliokoa kikaango. Nasema kuhusu ule unong'onezi wenu jikoni. Nimefiwa, mwanangu. Sijawa yai."

"Nimesikia, mama."

Wakapita maduka ya vioo, wakapita gereji. Kisha Kamba akasikia kitu kinatikisika nyuma yake, akagundua kwamba ni kicheko.

"Baba yenu naye angekisugua," mama alisema. "Tena angekisugua na nje. Halafu angenifundisha mimi namna ya kukisugua. Na angekufa hajakubali kwamba..." Neno hilo likamsimamisha. Pikipiki ikaruka tuta dogo. "Basi ndivyo alivyofanya. Alikufa hajakubali kuhusu ile saa ya ukutani."

"Saa gani, mama?"

"Hukuambiwa habari ya saa? Hee! Mke wako ana siri. Ilikuwa inarudi nyuma. Saa nzima, mishale yote, inarudi nyuma! Yeye aliigonga, akainusa, akaitoa juani, akasema hii ndiyo. Tumefika nayo nyumbani, natazama, asubuhi inaelekea jana. Nikamwambia, baba, hii saa..."

Mkono wake ulikuwa umekiacha kile chuma. Ulikuwa hewani unaonyesha mishale, kisha begani kwa Kamba, kisha hewani tena. Kona ya kwenda nyumbani ilikuwa kushoto. Kamba akaipita moja kwa moja.

"Mwanangu, si tumepita?"

"Tumepita, mama," akasema. "Enhe? Ukamwambia baba hii saa..."